Mtoto Halelewi kwa Ahadi: Sheria Yasemaje Kuhusu Matunzo?

Pita katika korti ya Kitale au ya Bungoma asubuhi ya siku ya kazi na utawaona. Ni akina mama walioketi kwenye mabenchi, mtoto mgongoni na bahasha ya kaki mkononi. Wengine wamepanda matatu alfajiri kutoka Kiminini, Endebess, Chwele au Bumula. Ndani ya bahasha hiyo mna cheti cha kuzaliwa, risiti za karo na karatasi ya daktari. Hawakuja kwa kesi ya wizi wala ya kupika chang'aa. Wamekuja kumwomba hakimu amkumbushe mtu fulani jambo ambalo yeye mwenyewe analijua fika: kwamba ana mtoto, na kwamba mtoto hula kila siku.

Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Walikuwa na haki kusema hivyo. Lakini mpenzi msomaji, katika mitaa yetu mna wazazi wengi ambao uchungu huo wameuacha mlangoni mwa mwenzao wakaingia mitini. Mwanamume huahidi mengi wakati wa mapenzi. Mimba ikionekana, simu yake haipatikani. Wengine walikuwa wameoana kabisa, wakakosana, na baba akaondoka na nguo zake akidhani kwamba alipoiacha nyumba aliyaacha pia majukumu. Na tusiwasahau akina mama, wachache ingawa wapo, walioacha watoto kwa baba au kwa nyanya na wasirudi hata kuuliza kama wamelala na njaa.

Je, sheria ya Kenya yasemaje? Ni nani anayepaswa kulipa, alipe nini, na akikataa afanywe nini? Haya ni maswali ambayo kila familia ingefaa kuyajua kabla hayajabisha hodi.

Msingi wa sheria

Jibu la kwanza limo katika Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010. Kifungu cha 53 kinasema kuwa kila mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi, na kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumkimu, wawe wameoana au hawajaoana. Soma tena maneno hayo ya mwisho. Hayaulizi kama mahari ililipwa, kama harusi ilifanyika kanisani, au kama wawili hao waliishi pamoja hata siku moja. Yanauliza jambo moja tu: huyu ni mtoto wa nani?

Kifungu hicho hicho chaongeza kuwa katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatakayotangulizwa. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, ilifuata njia hiyo. Inawapa wazazi wote wawili jukumu sawa, na haimtambui mmoja wao kuwa na haki kubwa kuliko mwenzake.

Huenda ukadhani kwamba mambo yamekuwa hivi tangu zamani. La hasha! Haki hii ilipiganiwa kwa miaka mingi.

Mwaka 1959, wakati wa ukoloni, ilitungwa sheria iliyomwezesha mama ambaye hakuolewa kumshtaki baba wa mtoto wake ili amlipie matunzo. Ilidumu miaka kumi tu. Mwaka 1969 Bunge, ambalo karibu lote lilikuwa la wanaume, liliifuta. Waliotaka ifutwe walilalamika kwamba wanawake waliigeuza kuwa kitega uchumi. Tangu hapo, msichana aliyezaa nje ya ndoa alibaki na mtoto wake na kilio chake, labda wazee wa koo mbili wakae chini na kuelewana.

Sheria ya Watoto ya 2001, iliyoanza kazi Machi 2002, ilileta nafuu kwa mengi, lakini katika hili ililegea. Ilisema kuwa iwapo wazazi hawakuoana, jukumu la kwanza ni la mama. Baba aliingia tu kwa makubaliano, kwa amri ya korti, au ikiwa amekwisha kumkubali mtoto au kukaa na mama yake kwa muda. Kwa maneno mengine, baba alipewa hiari ambayo mama hakupewa. Shirika la Cradle, pamoja na wakili Millie Odhiambo ambaye baadaye alikuwa mbunge, walilipeleka suala hilo mbele ya Mahakama Kuu kwa niaba ya mtoto mmoja. Mwaka 2006 wakashindwa. Ilibidi Katiba mpya ije ndipo mlango ufunguke. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilisema kuwa vifungu hivyo vya 2001 haviwezi kusomwa kinyume cha Katiba, na kwamba jukumu ni la wote wawili.

Kisha ikaja hukumu nyingine mnamo Mei 2016. Kabla ya hapo, jina la baba ambaye hakuoa halikuandikwa katika cheti cha kuzaliwa isipokuwa wazazi wote wawili waombe pamoja. Jaji Mumbi Ngugi aliamua kuwa sheria hiyo ilimbagua mtoto. Mtoto ana haki ya kumjua baba yake, na kumjua hata kwenye karatasi.

Matunzo ni nini hasa?

Wengi husikia neno matunzo na kufikiria karo peke yake. Lakini mtoto hakai shuleni usiku na mchana. Matunzo ni chakula, mavazi, mahali pa kulala, matibabu na elimu. Hata pale ambapo masomo ya msingi hayalipiwi, sare, vitabu, nauli na chakula cha mchana havitoki mbinguni.

Tuchukue mfano. Mama anaishi Kitale na mtoto wa miaka tisa. Kila mwezi unga, maziwa na mboga za mtoto ni shilingi 5,000. Sehemu yake katika kodi ya nyumba ni 1,500. Nauli na chakula cha shuleni ni 1,500. Nguo na dawa, ukizigawanya kwa miezi, ni 1,000. Hapo tumefika 9,000. Ikiwa mahitaji mengine ya shule ni 24,000 kwa mwaka, ongeza 2,000 kila mwezi. Mtoto mmoja basi anahitaji shilingi 11,000.

Je, baba na mama watoe 5,500 kila mmoja? Si lazima. Wajibu sawa si lazima uwe shilingi sawa. Hakimu hutazama mapato na mali ya kila mzazi, mahitaji ya mtoto, majukumu mengine waliyo nayo, hali ya afya ya mtoto na maisha aliyokuwa ameyazoea. Ikiwa baba anapata 40,000 na mama anauza mboga na kupata 10,000, kuwagawia mzigo nusu kwa nusu ni kumkamua mmoja na kumbembeleza mwingine. Tena mama anayekaa na mtoto tayari anatoa mengi yasiyo na risiti: anapika, anafua, anakesha mtoto akiwa na homa.

Aghalabu korti hugawa majukumu badala ya kugawa pesa tupu. Mmoja alipe karo moja kwa moja shuleni na gharama za hospitali, mwingine aangalie chakula na nyumba. Njia hii hupunguza ugomvi, kwa sababu baba anayelalamika kwamba pesa zake zinanunua lesso na mafuta ya nywele hana tena la kusema.

"Mimi sina mshahara"

Hiki ndicho kisingizio kinachopendwa sana katika eneo letu. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi, na Bungoma ni ya miwa na biashara ndogo ndogo. Wanaume wengi hawana hati ya mshahara. Mmoja ni mkulima, mwingine ni wa bodaboda, mwingine ni fundi wa jua kali. Basi wanadhani hawaguswi.

Wanajidanganya. Korti haiangalii mshahara peke yake. Inaangalia uwezo. Mwenye ekari tano za mahindi, ng'ombe wawili wa maziwa na pikipiki hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema hana kitu. Kila upande hutakiwa kueleza kwa kiapo anachopata na anachomiliki. Na kwa kuwa korti inaweza kuamuru malipo ya kila mwezi au ya mkupuo, hata anayesubiri mavuno ana njia yake. Wazazi wanaweza kukubaliana kwamba baada ya mavuno baba ataleta magunia mawili ya mahindi na kulipa karo shule zinapofunguliwa Januari, kisha miezi iliyobaki atume kiasi kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Ni kweli pia kwamba mapato huweza kukatika. Wakazi wa Webuye hawajasahau kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipofungwa mwaka 2009 na wenye mishahara wakalala na kuamka bila kazi. Sheria haimtaki mtu atoe asichonacho. Lakini hali ikibadilika, dawa si kuzima simu. Rudi kortini uombe amri ibadilishwe. Vivyo hivyo kwa mama: mtoto akiingia sekondari au akipata maradhi ya kudumu, anaweza kuomba kiasi kiongezwe.

Hatua za kufuata

Ikiwa wewe ndiye unayelea peke yako, anza pale penye gharama ndogo. Nenda kwa afisa wa watoto katika kaunti ndogo yako. Huyu ni mfanyakazi wa serikali, na huduma yake hailipiwi. Ataandika barua kumwita mwenzako, awakalishe chini na kuwasikiliza. Mkielewana, makubaliano yenu yaandikwe: nani atalipa nini, lini, na kwa njia gani, na mtoto atamwona mzazi wa pili siku zipi. Tieni sahihi, kisha ombeni yawasilishwe kortini ili yawe na nguvu ya amri. Makubaliano ya mdomo huyeyuka kama barafu juani.

Wengi hupenda kuanzia kwa chifu au kwa wazee, na si vibaya. Chifu anawafahamu nyote wawili, na mara nyingine neno lake linatosha. Lakini jua kwamba chifu si hakimu. Hawezi kumlazimisha mtu kulipa akikataa.

Mwenzako akikaidi, mlango wa pili ni korti ya watoto. Mbali na Kitale na Bungoma mjini, kuna korti Kimilili, Webuye na Sirisia, kwa hiyo huna haja ya kwenda Nairobi. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chako, orodha ya matumizi na risiti zake, na chochote kinachoonyesha kazi au mali ya mwenzako. Kesi ya watoto haisikilizwi mbele ya umati, na jina la mtoto hulindwa. Usiogope kwamba mtaa mzima utajua habari zako. Ukiona kesi itachukua muda, omba amri ya muda, ili mtoto asife njaa akingojea hukumu.

Asiye na pesa za wakili asikate tamaa. Shirika la wanasheria wanawake la FIDA, lililoanzishwa 1985, na Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973, wamewasaidia wengi, hata kuwafundisha kujitetea wenyewe. Simu ya watoto, nambari 116, nayo hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Si mama pekee anayeweza kudai. Baba anayelea mtoto peke yake anaweza kumdai mama. Nyanya aliyeachiwa wajukuu, na wako wengi vijijini, anaweza pia kwenda kwa afisa wa watoto kutaka wazazi waitwe.

Na akikana kuwa mtoto si wake? Korti inaweza kuamuru wapimwe damu ili nasaba ijulikane. Kipimo hicho kimeyamaliza mabishano mengi ambayo zamani yalikwisha kwa kulinganisha pua na masikio. Humlinda mama mkweli, na humlinda pia mwanamume anayesingiziwa.

Akidharau amri

Fimbo ya mbali haiui nyoka, na wako wanaodhani kuwa mama aliye Bungoma hawezi kumfikia mwanamume aliyehamia Kitale, au Nairobi kwa jambo hilo. Amri ya korti husafiri. Kwa mwenye kuajiriwa, mwajiri anaweza kuamriwa kukata pesa za mtoto kabla mshahara haujafika mfukoni. Kwa mwenye mali, mali yake inaweza kushikwa. Kwa mkaidi, ataitwa ajieleze kwa nini asifungwe. Na akifungwa kwa deni, ajue kwamba kukaa jela hakufuti deni lenyewe.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, jela haijampikia mtoto uji hata siku moja. Ndiyo maana mahakimu wengi huwasukuma wazazi kuelewana kwanza. Lengo ni mtoto ashibe. Kumkomoa mtu si lengo.

Makosa ya pande zote mbili

Kuna mama anayesema: "Hukuleta pesa mwezi huu, hutamwona mtoto." Na kuna baba anayesema: "Hunionyeshi mtoto, basi sileti pesa." Wote wawili wamekosea. Kumwona mzazi ni haki ya mtoto, na kutunzwa ni haki yake nyingine. Hakuna mzazi anayeruhusiwa kuishika moja rehani ili apate nyingine. Mtoto si gunia la mahindi la kuwekewa dhamana.

Kosa lingine ni la baba anayeoa mke mwingine na kusema mtoto wa kwanza sasa ni wa historia. Korti itawahesabu watoto wake wote, ndiyo, lakini haitamfuta wa kwanza kwa sababu wa pili amezaliwa. Na mwanamume aliyemwoa mama pamoja na mtoto wake, akamkubali na kumlea kama wake, afikirie vizuri kabla ya kumtupa siku ya ugomvi. Sheria yaweza kumtaka naye achangie.

Kwa baba anayelipa, neno moja: weka rekodi. Tuma kwa M-Pesa, tunza ujumbe, weka risiti za shule. Wako wanaume waliotoa pesa taslimu kwa miaka mingi na siku ya kesi hawakuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha.

Mila nazo?

Miongoni mwa Wabukusu, kama ilivyo kwa jamii nyingi za huku kwetu, mtoto ni wa ukoo wa baba. Mwaka ukigawanyika kwa mbili na Agosti ikifika, njuga za wavulana wanaoelekea kutahiriwa husikika njiani. Hapo ndipo baadhi ya akina baba hufufuka. Baba ambaye hajanunua hata penseli kwa miaka kumi na miwili huja na wazee akidai kijana atahiriwe katika boma lake.

Sheria haikatazi mila hiyo, na kijana mwenyewe mara nyingi hutamani kusimama katika boma la baba yake. Lakini ukoo si wa Agosti peke yake. Anayetaka kumwita kijana mwanawe siku ya sherehe amwite pia Januari, siku ya karo. Na wazee wanaoitwa kuamua mambo haya wana nafasi nzuri ya kuliuliza swali hilo kabla ya busaa kumiminwa.

Kwenu vijana

Ninyi mlio vyuoni, msidhani makala haya ni ya wazazi wenu. Wajibu wa mzazi huanza mtoto anapozaliwa. Haungoji digrii wala kazi nzuri. Kwa kawaida huendelea hadi mtoto afikishe miaka 18, na korti inaweza kuurefusha zaidi, kwa mfano mtoto akiwa bado anasoma au akiwa na ulemavu. Mapenzi ya wiki mbili wakati wa likizo yanaweza kukupa jukumu la miaka 18 na ushei. Pima mwenyewe.

Nawe msichana, jina la baba katika cheti cha kuzaliwa si la fahari. Siku moja baba huyo akifa, Sheria ya Urithi inawahesabu watoto wake miongoni mwa wanaomtegemea, na ni rahisi zaidi kudai haki kwa karatasi kuliko kwa machozi.

Mtoto hakuomba kuzaliwa. Hakuwepo wakati ahadi zinatolewa, na hakuwepo wakati zinavunjwa. Yeye anajua tu kwamba leo amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na kwamba mwenzake wa dawati la pili hakurudishwa. Ahadi ni deni, na kila mtu anajua dawa ya deni. Ikiwa unalo, lilipe kabla bahasha ya kaki haijafika kortini.